Feokromositoma: sukari iko juu kabla ya upasuaji, kwa nini tujiandae ishuke baada yake?

Tarajali_Ilala

Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba msaada wa kitaalamu. Wodini kuna mama wa miaka 43, kilo 58, ana feokromositoma, uvimbe wa sentimita 5 unaomwaga adrenalini kwenye tezi ya adrenali (iliyo juu ya figo) ya kulia. Metanefrini (mabaki ya adrenalini) za mkojo wa saa 24 zimezidi kiwango cha juu zaidi ya mara nne. Presha ilikuwa inapanda kwa vipindi hadi 190/110, kichwa kinauma, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya mwaka amepungua kilo 9 na chakula anakula. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 11 hadi 14 mmol/L. Anatumia metfomini, pamoja na insulini ya NPH (ya muda wa kati) uniti 14 asubuhi na 8 usiku. Upasuaji ni baada ya siku 12.

Ninapokwama ni hapa. Kwanza, sukari hii niishushe hadi wapi kabla ya upasuaji? Pili, nimeambiwa ale chumvi na anywe maji mengi, wakati ndugu zake wamefundishwa miaka yote kwamba mwenye presha chumvi ni mwiko, na sijui niwaelezeje. Tatu, nasikia baada ya uvimbe kutolewa sukari inaweza kuanguka vibaya. Inatokea lini, na naandika nini kwenye faili ili zamu ya usiku wasipitwe?

---

Dokta_Homoni

Marahaba Tarajali. Swali la tatu ndilo linaloua watu, ila huwezi kulielewa bila kujua sukari imepandaje.

Uvimbe unamwaga adrenalini na noradrenalini. Kwenye kongosho homoni hizi hushika vipokezi vya alfa-2 vya seli za beta, na seli zikishikwa hapo hazitoi insulini. Insulini ipo, imetengenezwa na kuhifadhiwa, ila imezuiwa kutoka. Wakati huohuo vipokezi vya beta vinaliamuru ini livunje glaikojeni (akiba yake ya sukari) na kutengeneza glukosi mpya. Misuli nayo inavunja glaikojeni yake na kutoa laktati, laktati inarudi ini na kugeuzwa glukosi. Mafuta ya mwilini yanayeyushwa na kumwagwa kwenye damu, na asidi hizo za mafuta zinaifanya misuli isiisikilize insulini hata hiyo kidogo iliyotoka. Juu ya hayo, mwili unaunguza nishati hata mgonjwa akiwa amelala. Ndiyo sababu anakula na bado anakonda, na anatoka jasho hata kwenye ubaridi.

Kwa hiyo kilo 9 alizopoteza zizingatie unapopanga sukari. Huyu anaingia chumba cha upasuaji na akiba ndogo sana ya glaikojeni kwenye ini.

Sasa daktari bingwa anafunga mshipa wa uvimbe. Nusu ya adrenalini iliyomo kwenye damu huisha ndani ya dakika mbili tatu. Kizuizi cha kongosho kinaondoka ghafla na insulini iliyokuwa imekwama inatoka kwa wingi. Ini lingetakiwa kufidia, lakini halina akiba. Na kama jana yake saa 3 usiku alichomwa NPH kamili, dawa hiyo bado inafanya kazi. Hapo sukari inaweza kutoka 12 hadi 2 ndani ya saa chache, na mgonjwa bado ana usingizi wa dawa, hawezi kukuambia anajisikiaje.

Swali la kwanza: usihangaike kuifikisha 5. Kati ya 6 na 10 inatosha kabisa. Kama ana glibenklamidi (kidonge cha kisukari) popote kwenye orodha yake, ifute leo, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu na itaendelea kuisukuma kongosho baada ya uvimbe kutoka. Metfomini iache siku ya upasuaji. Ukiona laktati imepanda kidogo kabla ya upasuaji usishtuke, adrenalini yenyewe huipandisha, ila figo zake zisipokuwa sawa metfomini iache mapema zaidi. NPH ya usiku wa kuamkia upasuaji mpe nusu, yaani uniti 4. Ya asubuhi usimpe. Sukari ikizidi 10 mezani wakati wa upasuaji, tumieni insulini ya muda mfupi kwa pampu, na pampu hiyo izimwe mshipa unapofungwa. Ikizimwa baada ya ngozi kushonwa mmechelewa.

Jambo moja husahaulika: dawa ya alfa atakayopewa (ya kuzuia vipokezi vya alfa ili presha itulie) inabadilisha sukari. Fenoksibenzamini inazuia alfa-1 (vya mishipa ya damu) na alfa-2 (vya kongosho), hivyo kongosho inaanza kufunguka tangu wiki ya kwanza na insulini lazima ipunguzwe njiani. Doksazosini na prazosini zinazuia alfa-1 tu. Presha itakaa vizuri, lakini kizuizi cha insulini kinabaki palepale mpaka siku mshipa unafungwa. Mgonjwa wa doksazosini mwenye presha nzuri bado hajatulia kwa upande wa sukari.

Na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) isikupe uhakika usiokuwepo. Ukiwa na mgonjwa mwenye upungufu wa damu au selimundu, kipimo hicho kinapotosha. Amini vipimo vya kidole vya asubuhi na jioni.

---

Usingizi_Salama

Naongezea upande wa maandalizi, maana siku 12 zinatosha ila hakuna siku ya kupoteza.

Dawa ya kuzuia alfa kwanza, ya kuzuia beta baadaye. Huu mpangilio haugeuzwi hata mapigo yakiwa 120. Vipokezi vya beta-2 ndivyo vinavyotanua mishipa ya misuli. Ukivifunga kwa propranololi huku alfa iko wazi, mishipa yote inabanwa, presha inaruka, na moyo unaweza kushindwa hadi mapafu yakajaa maji. Labetalolo haikuokoi hapa, kwa sababu nguvu yake ya beta ni kubwa kuliko ya alfa.

Kama fenoksibenzamini ipo, anza miligramu 10 mara mbili kwa siku. Kama haipo, doksazosini miligramu 2 usiku, uongeze kila baada ya siku mbili au tatu: 4, 8, hadi 16 au zaidi kidogo kama presha inakataa. Kiwango cha juu ni 32 kwa siku. Presha ipimwe akiwa amekaa, kisha asimame dakika tatu upime tena. Unatafuta chini ya 130/80 akikaa, na ya juu isishuke chini ya 90 akisimama. Pua kuziba na kizunguzungu kidogo akiinuka ni dalili kwamba alfa imeshika. Dalili hizo zisikufanye uiache dawa. Mfundishe akae ukingoni mwa kitanda kwanza kabla ya kusimama.

Ikifika siku ya tatu au ya nne ya alfa iliyoshika vizuri, na moyo bado unakwenda mbio, ndipo propranololi miligramu 20 mara tatu kwa siku. Mapigo yawe 60 hadi 70 akikaa. Presha ikigoma, ongeza amlodipini 5 hadi 10, ni dawa salama hapa.

Kuhusu chumvi. Waeleze ndugu hivi: kwa miezi mingi mishipa ya mama imebanwa, na mwili umeitikia kwa kupunguza maji kwenye damu. Kipimo cha presha kinasoma juu, lakini ndani kuna damu kidogo kwenye mishipa myembamba. Dawa ya alfa inaitanua mishipa. Isipojazwa, presha itaporomoka uvimbe ukitoka. Kwa hiyo chumvi hii ina kazi maalumu na ina mwisho wake, haifuti walichofundishwa. Unatafuta sodiamu zaidi ya gramu 5 kwa siku, sawa na chumvi vijiko viwili vya chai vilivyojaa kidogo, ukijumlisha na ile iliyomo kwenye chakula. Supu ya kuku au ya samaki iliyokolea, mchuzi wa dagaa, na maji lita mbili na nusu hadi tatu. Anza siku ya pili au ya tatu ya alfa, si kabla. Kwa joto letu hili la Dar, kwa mtu anayetokwa jasho hivi wodi isiyo na kiyoyozi, lita mbili za maji haziongezi kitu, zinafidia tu. Madafu anywe akipenda, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hayachukui nafasi ya supu. Mwenye moyo kushindwa au figo mbovu hili halimhusu mpaka bingwa aamue.

Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Ukipanda kilo moja au mbili, na asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu ikishuka kidogo, ujue mishipa inajaa. Usiku wa mwisho mpe lita 1 hadi 2 za maji ya chumvi ya mshipa.

Kufunga: chakula kikome muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji meupe yaruhusiwe mpaka zibaki saa 2. Uji ni chakula, usiuhesabu kama maji. Kumlaza mgonjwa wa namna hii bila maji tangu saa 12 jioni ni kuuharibu wote huo mjazo wa wiki mbili.

Mezani, magnesiamu salfeti ni rafiki mkubwa, na kila hospitali inayo kwa ajili ya kifafa cha mimba. Miligramu 40 hadi 60 kwa kilo kabla ya kuweka mpira wa hewa, kwa mama huyu ni gramu 2.3 hadi 3.5, kisha gramu 1 hadi 2 kwa saa. Inazuia tezi kumwaga adrenalini na inatanua mishipa. Ila inarefusha dawa za kulegeza misuli, kwa hiyo dozi hizo zipunguzwe. Wodini na mezani, kabla uvimbe haujatoka, muepushe na metoklopramidi, deksamethasoni na ketamini. Metoklopramidi ndiyo inayoponyoka mara nyingi, kwa sababu mgonjwa akisema kichefuchefu mkono unaikimbilia wenyewe. Iandike kwa wino mwekundu juu ya faili.

---

Mfamasia_Kkoo

Doksazosini na prazosini dukani zinajulikana kama dawa za tezi dume. Mume au kaka akitumwa kununua kwa ajili ya mama, anarudishwa, au anaambiwa daktari amekosea. Andika sababu kwenye cheti. Na tafadhali mtu asikubali kubadilishiwa tamsulosini kwa hoja kwamba "ni kundi lilelile". Tamsulosini imelenga zaidi vipokezi vya njia ya mkojo, mishipa ya damu haiizuii vya kutosha.

Pia ndugu waambiwe: hakuna dawa za mafua zenye sudoefedrini mpaka apone. Hizo zinauzwa bila cheti na watu huzinywa bila kufikiri, hasa huyu ambaye pua itaziba kwa sababu ya doksazosini. Atatafuta dawa ya pua, na dawa ya pua ndiyo itakayompandishia presha.

---

SistaWaZamu

Dokta tarajali, kuhusu kinachoandikwa ili usiku wasipitwe. "Angalia sukari" ni maandishi yasiyofanyiwa kazi. Andika saa na namba.

Kipimo kimoja mshipa unapofungwa, kisha kila dakika 15 hadi 30 mpaka atoke mezani. Kila saa kwa saa 12 za kwanza. Kila saa mbili kwa saa 12 zinazofuata. Kila saa nne mpaka saa 48 zitimie. Hivyo ni vipimo 24 wodini, bila vya kurudia. Hakikisha kichupa cha vijiti 50 kipo kitandani kabla hajatoka mezani, na betri ya mashine imeangaliwa. Vijiti vikiisha saa 8 usiku, duka la dawa la hospitali limefungwa na ndugu wamerudi Mbagala, hakuna atakayepima.

Kidole kisitoke mkono wenye dripu ya deksitrosi (maji ya sukari). Utasoma 15 wakati mgonjwa ana 3, na utampa insulini. Kidole kioshwe kwa maji na kukaushwa, maana chembe ya embe au juisi tu inadanganya mashine. Mikono ikiwa baridi na presha iko chini, kidole hakiaminiki, vuta damu ya mshipa.

Halafu dalili. Mgonjwa aliyekuwa kwenye propranololi hatatetemeka wala moyo hautakwenda mbio sukari ikishuka. Kinachobaki ni jasho, na jasho lake wodi nzima imelizoea. Kwa hiyo mgonjwa asiyeamka vizuri saa mbili baada ya upasuaji, anayeongea ovyo au anayevuta shuka bila sababu, pima sukari kabla ya kusema ni dawa ya usingizi. Propranololi pia inalizuia ini kutoa glukosi, ndiyo maana sukari ikishuka haipandi yenyewe haraka.

---

Dokta_Homoni

Sista kasema yote ya upimaji. Naweka hesabu ya dripu.

Ini la mtu aliyefunga chakula hutoa glukosi takriban miligramu 2 kwa kilo kwa dakika. Kwa kilo 58 ni kama gramu 7 kwa saa. Deksitrosi ya asilimia 5 kwa mililita 100 kwa saa inatoa gramu 5 tu, haifikii hata kazi ya kawaida ya ini, sembuse insulini iliyofumuka. Asilimia 10 kwa mililita 75 kwa saa inatoa gramu 7.5. Hiyo ndiyo ningeianza mshipa unapofungwa, nikiongeza au kupunguza kwa vipimo. Kama asilimia 10 haipo, toa mililita 50 kwenye mfuko wa mililita 500 wa asilimia 5, weka mililita 50 za asilimia 50. Unapata asilimia 9.5. Andika kwenye mfuko ulichoweka na saa.

Maji ya chumvi yaendelee sambamba kwa mshipa mwingine. Deksitrosi peke yake kwa siku mbili itamshushia sodiamu.

Chini ya 4: gramu 25, yaani mililita 50 za asilimia 50 polepole kwenye mshipa mkubwa (ikivuja nje inaunguza nyama), au mililita 250 za asilimia 10. Rudia kipimo baada ya dakika 15. Halafu lazima uongeze kasi ya dripu. Wengi humpa sindano ile, wanaona 9, wanaandika "imerekebishwa" na kuondoka. Kongosho iliyofunguliwa ikiona sukari imeruka inajibu kwa insulini zaidi, na baada ya dakika 40 mgonjwa yuko 2.5 tena.

Akianza kula na vipimo vitatu mfululizo viko juu ya 6, punguza dripu kwa nusu kila saa mbili. Usiizime kwa mara moja. Insulini na metfomini zisirudishwe kwa mazoea. Rudisha tu kama sukari inakaa juu ya 10 baada ya dripu kutoka.

Presha ikiwa chini usiku ule, kwanza hakikisha havuji damu tumboni, kisha maji, kisha fikiria dawa ya alfa iliyobaki mwilini. Fenoksibenzamini inaweza kudumu zaidi ya siku nzima.

---

AfisaTabibu_Temeke

Samahani wakuu, nauliza kidogo pembeni. Uvimbe wa adrenali unaotoa homoni ya kotisoli nao ni hivihivi? Sukari inaanguka usiku uleule?

---

Dokta_Homoni

Hapana, na ni vizuri umeuliza, maana tezi ni moja na watu huchanganya.

Kotisoli huvunja misuli ili ini lipate malighafi ya glukosi, hujaza mafuta tumboni na shingoni, hushusha potasiamu. Mgonjwa ananenepa kiwiliwili na mapaja yanaisha. Hatari baada ya upasuaji ni adrenali ya upande wa pili. Imelala kwa muda wote ambao uvimbe ulikuwa unafanya kazi, na ubongo umeacha kuiamuru. Uvimbe ukitoka, mwili hauna kotisoli kabisa. Hapo presha inashuka, anatapika, sodiamu inashuka, na sukari pia hushuka, lakini kwa sababu nyingine. Tiba ni haidrokotisoni miligramu 100 ya mshipa mezani, kisha 200 kwa saa 24, halafu unashuka taratibu hadi vidonge miligramu 15 hadi 25 kwa siku, dozi kubwa asubuhi. Tezi iliyolala huchukua miezi 6 hadi 12, mara nyingine zaidi. Mwambie mapema kwamba viungo vitauma na atachoka sana wiki za kwanza, asije akadhani upasuaji umeharibika. Na damu yake huganda haraka, dawa ya kuzuia kuganda isisahaulike.

Angalia tofauti moja: huyu haidrokotisoni inamwokoa. Mgonjwa wa Tarajali, kabla uvimbe haujatoka, steroidi kama deksamethasoni inaweza kuuchokoza.

Uvimbe wa insulini wa kongosho ni kinyume cha yote. Kabla yake sukari inashuka alfajiri na mgonjwa ananenepa kwa kula kula. Baada ya kutolewa sukari inapanda siku mbili tatu kwa sababu seli zenye afya zilikuwa zimelala. Hapo deksitrosi ndiyo inayozimwa.

---

Tarajali_Ilala

Asanteni sana wakubwa. Nimeandika ratiba ya vipimo kwa saa, metoklopramidi iko kwa wino mwekundu, na nimeongea na ndugu kuhusu supu. Swali la mwisho: akiruhusiwa, namwandikia nini?

---

Dokta_Homoni

Vitu vichache. Sukari apime asubuhi kwa wiki mbili, nakala uione. Wengi wao kisukari huondoka kabisa, ila mwenye umri mkubwa au mwenye kisukari kwenye ukoo kinaweza kubaki, na hapo ni kisukari cha kawaida chenye dawa za kawaida. Dawa za presha ziangaliwe upya wiki ya kwanza, usimpe za mwezi mzima. Chumvi irudi kiasi cha watu wote tangu siku ya kuruhusiwa, hilo liandike kwa maneno makubwa, maana ndugu wameshazoea kumkolezea.

Uzito utapanda kilo kadhaa miezi ya kwanza kwa sababu mwili umeacha kuunguza ovyo. Akiwa bado anakula kama alivyokuwa anakula mgonjwa, zitazidi. Mwone mtu wa lishe mapema.

Metanefrini zirudiwe wiki 2 hadi 4 baada ya upasuaji, kisha kila mwaka maisha yake yote. Kabla ya kipimo asitumie methildopa (dawa ya presha), inavuruga majibu. Na muulize kuhusu ndugu zake wa damu: kati ya wagonjwa hawa, karibu mmoja kwa kila watatu ana kasoro ya kurithi. Mwenye ndugu aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo, au aliyekufa ghafla kwa presha akiwa kijana, familia hiyo ipimwe presha na metanefrini.

Mpeni na kikadi cha kuweka kwenye pochi: jina la uvimbe, tarehe ya upasuaji, adrenali ipi imetolewa. Akiletwa hospitali nyingine hajitambui, wasianze kubahatisha.